Springi Tatu na Shimo la Kaka Masanja

Kama umeambiwa utawekewa springi kwenye utumbo, na sasa umekaa kwenye benchi unalia kimyakimya ukijifunika kanga, nimekuandikia wewe. Jina lake la hospitali ni stenti. Ni kijibomba cha wavu wa waya mwembamba, kinaingizwa pale utumbo ulipobana ili kiiache njia wazi. Sisi wagonjwa tuliita springi, na manesi nao wakazoea. Mimi nimewekewa tatu na nimetolewa zote tatu, na leo ninakula ugali kama watu wengine. Kanisani wananitaka nisimame niseme nilipona kwa sababu nilisamehe. Sikusamehe. Kilichonitoa kitandani ni hasira juu ya kaka yangu wa tumbo moja, na kwa kuwa nimekusudia kusema ukweli mtupu, sitamficha.

Naitwa Kabula. Nashona sare za shule hapa Kisesa, upande wa kwenda Bujora, na nyumba ninayokaa niliijenga mwenyewe baada ya ndoa yangu kuvunjika. Nina binti mmoja, Limi, ambaye tunashona naye. Kaka yangu Masanja yuko kwetu Magu, analima mpunga na pamba, na tangu baba afariki yeye ndiye msemaji wa ukoo. Ni mtu wa kujiandaa mapema. Mvua ikitajwa redioni asubuhi, mchana utamkuta juu ya paa anaziba matundu. Zamani nilimsifu kwa tabia hiyo.

Ugonjwa ulinianza watu wakiwa mashambani wanachuma pamba. Utumbo ulijisokota, nikapasuliwa kwa haraka, wakakata kipande na kuunganisha palipobaki. Nilirudi nyumbani nikidhani yameisha. Baada ya miezi miwili hivi, pale walipounganisha kovu likaanza kujikaza. Choo kikawa cha kusubiriwa siku tatu, kisha kikawa chembamba kama kamba ya kiatu, kisha kikakata kabisa kwa siku kadhaa. Asubuhi sketi ilinivuka kiunoni kwa kukonda, jioni haifungiki kwa sababu tumbo limevimba na kukaza. Nilitapika vitu ambavyo sitavitaja kwa heshima ya wasomaji wazima. Wewe unayeugua unavijua.

Kwenye hospitali kubwa mjini daktari aliniangalia kwa mpira wenye kamera, akaniambia, "Mama, pamebana sana lakini hapajaziba. Tutaweka stenti. Ya saizi yako haipo hapa, inatoka Dar. Subiri kama wiki tatu. Kunywa uji mwepesi na supu ya kuchuja, na ukiona hata upepo hautoki, rudi siku hiyo hiyo."

Wiki tatu kwa mtu wa uji ni nyingi. Limi akawapigia ndugu, na kesho yake Masanja akafika. Alisimama mlangoni mwa chumba akaniangalia kwa muda.

"Shikamoo kaka," nikasema.

"Marahaba, mdogo wangu."

Hakusema pole. Akatoka, akazunguka nyuma ya nyumba, nikamsikia anagongagonga ardhi na nondo, hapa kidogo, pale kidogo. Nilidhani anaangalia msingi.

Anayeijua Kisesa yetu anajua habari ya mawe. Kwenye kiwanja changu udongo unafika magotini tu, chini yake ni jiwe. Ukitaka shimo, unapanga magogo na matairi mabovu juu ya jiwe, unawasha moto, unaliacha lichemke siku nzima, halafu unalimwagia maji ya baridi lipasuke. Unaondoa vipande kwa nyundo na mtaimbo, unawasha tena. Shimo la kimo cha mtu laweza kuchukua wiki nzima.

Siku ya nne tangu kaka afike, nikiwa nimelala, nilisikia harufu ya tairi linaungua. Nikasema moyoni ni jirani anapasua kokoto. Siku ya tano harufu ikarudi, na Limi akaja kufunga dirisha la nyuma bila kunitazama usoni.

"Limi, nani anachoma mawe?"

"Watu wa mjomba."

"Ya nini?"

Akasema anaenda kuangalia uji jikoni. Uji tulikuwa tumeshakunywa.

Nilijikokota nikishika ukuta mpaka nyuma. Walikuwepo wanaume wawili wenye nyundo, na kaka yangu amekaa pembeni anawasimamia. Shimo lilikuwa limefika kiunoni mwao, refu, jembamba, limenyooka pembe zote nne. Mimi ni mshonaji, mwili wa mtu naupima kwa macho. Nilijua ni saizi yangu kabla sijafungua mdomo.

"Kaka, hili la nani?"

Wale wanaume wakaweka nyundo chini. Masanja akavua kofia.

"Kabula, rudi ndani, jua kali."

"Nimekuuliza."

"Unamkumbuka baba," akasema. "Tulikaa na mwili wake siku tatu ndani ya nyumba kwa sababu jiwe lilikataa kupasuka. Mimi ndiye niliyelala naye chumba kimoja. Sitaki na wewe yakupate yale."

"Mimi bado nakunywa uji."

"Najua. Ndiyo maana nilitaka usijue."

Nikamuuliza kwa nini basi asichimbe Magu, alipolala baba. Akaangalia pembeni. Akasema wazee walikaa, wakaona kwamba mimi nilitoka nikaolewa, nikaachika, nikajijengea. Basi nilale kwangu.

Nilimwelewa, na hilo nataka lijulikane. Mama yetu aliaibika mbele ya waombolezaji siku zile, na harufu ile hata mimi sijaisahau. Lakini kumwelewa hakukunipunguzia kitu. Kaka yangu aliniona nimesimama mlangoni kwa kifo, badala ya kunivuta mkono akaenda kuniandalia kitanda upande wa pili, tena kwenye kiwanja changu mwenyewe ili nisiwasumbue wa kwao. Nikawaambia wale wanaume waende. Yeye nikamwambia, "Humu silali. Na usilifukie. Nataka liwepo nikiwa naliangalia."

Nilirudi ndani, nikamwambia Limi alete uji. Kilikuwa kikombe cha kwanza kukiomba mwenyewe tangu nianze kuumwa.

Springi ya kwanza niliwekewa mvua za vuli zimeshaanza, watu wanapanda. Sikia habari ya chumba cha kusubiri, maana hakuna aliyenieleza. Mabenchi ni ya chuma na ni ya baridi. Vaa kanga mbili. Unapewa dawa ya kusafisha tumbo, na choo ni kimoja, na foleni ya choo ni ndefu kuliko ya daktari. Mimi sikufika. Nilisimama katikati ya watu maji yananichuruzika miguuni, nikatamani lile shimo la kaka linimeze hapo hapo.

Bibi mmoja wa Magu, Bibi Mhoja, akanyanyuka akanizungushia kanga yake.

"Mayu, mama yangu, usione haya," akasema kwa sauti ya kusikika benchi zote. "Humu ndani kila mtu kaja kuonyesha matako."

Watu wakacheka, hata nesi akacheka, na mimi nikacheka huku nalia. Nesi yule akanipeleka kuoga, akanichemshia maji bila kuombwa. Nimewasahau wengi walionitibu lakini maji yale ya moto ninayakumbuka.

Kazi yenyewe si kubwa kwako. Unalala ubavu wa kushoto, unachomwa sindano ya usingizi, unasikia sauti kama za watu walio chumba cha pili. Unaamka tumbo linasokota kama la hedhi, na unahisi haja muda wote. Halafu wanaanza kukuuliza swali moja. Daktari anauliza, nesi anauliza, anayepiga deki anauliza: upepo umetoka? Saa kumi jioni ulitoka. Ulikuwa mrefu, na wodi nzima iliusikia. Limi alishika mdomo akaanza kulia.

"Mpigie mjomba wako," nikamwambia.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie nimejamba."

Akampigia, akamwambia vilevile. Masanja akasema, "Mungu ni mkubwa," kwa sauti ya mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi mkononi. Nililala vizuri kuliko siku zote za ugonjwa.

Masharti utapewa, lakini yasikie na kwangu. Mboga za majani zenye nyuzi acha. Mahindi ya kuchoma acha, na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, hata kama nyumba nzima inatafuna. Tafuna mpaka taya lichoke. Dawa ya kulainisha usiiruke hata siku moja. Damu kidogo usiogope, nyingi nenda hospitali. Na watu watakaokuja kukusimulia juu ya jirani yao aliyekufa na kitu hicho hicho, waonyeshe mlango.

Kabla ya Krismasi Masanja alikuja na wazee wawili na kipande cha mgomba kilichofungwa shuka jeupe. Wazee wakaeleza kwamba kaburi lililochimbwa kwa kipimo cha mtu haliachwi wazi. Sasa kwa vile nilikuwa naendelea vizuri, mgomba uzikwe kwa jina langu, lifukiwe, yaishe.

"Hakuna kitu kitakachozikwa kwa jina langu," nikasema.

"Mwanangu, shimo likikaa wazi linaita," mzee mmoja akasema. Alisema kwa upole, na nywele zilinisimama, sikatai. Nimezaliwa kwenye mambo hayo.

"Litaniita mimi?"

"Lilipimwa kwako."

"Basi likiita nitaitika. Ondokeni na mgomba wenu."

Masanja aliubeba tena begani mpaka barabarani, limeloa lile shuka utomvu. Watu wakasimama kuangalia. Alinifurahisha.

Springi ya kwanza ilitolewa Januari, baada ya wiki sita na ushei. Kutolewa kunauma kuliko kuwekwa, wasikudanganye; unahisi kinavutwa kitu ambacho mwili ulishaanza kukishika. Siku hiyo hiyo wakaweka ya pili, nene zaidi. Bibi Mhoja alikuwepo tena kwenye benchi. Nilikuwa nalalamika kwamba nimechoka, kila mara kutolewa na kuwekewa, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ya kwangu haitolewi," akasema. "Wameiweka nikae nayo hadi mwisho. Wewe una tarehe."

Sikuwa nimewahi kumuuliza ugonjwa wake. Nikamshika mkono, tukakaa hivyo mpaka jina lake likaitwa, na sikumwona tena baada ya hapo.

Februari joto likiwa kali, ya pili ikateleza. Nilikuwa kwenye cherehani naunganisha kola, nikasikia kitu kinanichoma chini kama pini imesahauliwa kwenye nguo. Nilipokwenda chooni niligusa waya. Ikikutokea usivute. Mimi nilifungwa kanga kiunoni nikapelekwa hospitali nimekaa upande, wakaitoa. Njia ilikuwa imeshaanza kujibana upya, na springi nyingine ilibidi isubiriwe tena kutoka Dar.

Hizo zilikuwa siku mbaya kuliko zote, kwa sababu sasa nilikuwa nimeonja kupona. Nilirudi kwenye uji. Tumbo likarudi kuvimba jioni. Mvua kubwa ikanyesha mara mbili, shimo likajaa maji, vyura wakahamia. Nilikuwa nakaa ukingoni mchana, nimening'iniza miguu, na nitakwambia wazi, kuna siku niliona kule ndani kumepoa na kumetulia. Nilianza kufikiri kwamba wazee walijua.

Siku hiyo ndiyo Masanja alipompigia Limi. Aliuliza hali yangu, akaambiwa springi imetoka. Akasema, na Limi akanieleza neno kwa neno kwa kuwa nilimshurutisha: "Hilo shimo lifunikeni mabati. Maji yakikaa, kuta zitabomoka, itakuwa kazi mara mbili."

Nilisimama pale ukingoni. Kizunguzungu kilikuja nikakiacha kipite. Mwanaume aliogopa kazi mara mbili. Kutoka saa ile nilikunywa uji kila baada ya saa mbili kama mtu anayelipwa mshahara, nikatembea kuzunguka nyumba asubuhi na jioni, na kila nikipita kwenye shimo nilitema mate ndani. Daktari baadaye alishangaa nimeongeza uzito kwa uji mtupu. Sikumweleza siri.

Ya tatu niliwekewa masika, barabara ya kwetu imekuwa tope. Safari hii waliibana na vishikizo vidogo isiteleze, na mimi nilikaa nayo kama mtu aliyebeba mayai. Sikuinama, sikubeba ndoo, sikucheka sana. Limi alishona peke yake miezi ile. Vidole vyake vikawa na sugu na tukagombana mara nyingi, maana hasira ya mgonjwa haichagui inapoangukia. Nilimtukana kwa uji wenye mabonge. Alivua aproni akaenda kukaa barabarani mpaka jioni, akarudi, akachuja uji. Limi nimemwomba radhi, naye peke yake.

Mchele mpya wa Magu ulipoanza kuingia sokoni, ya tatu ikatolewa. Daktari alipitisha kamera huko ndani, akaangalia, akaangalia tena.

"Pako wazi, mama. Hatuweki nyingine."

Nikamwomba anionyeshe hiyo waliyoitoa. Ilikuwa kwenye sinia, fupi kuliko kidole changu cha kati, imelegea, ina uchafu. Niliiangalia nikaona haya kwamba kukosa kitu kidogo namna ile kulinifanya niliogope shimo la kaka yangu.

Wiki mbili baadaye niliwaita wale wanaume wawili wa nyundo. Waliponiona nimesimama mlangoni nimenenepa, mmoja alisita kuingia uani.

"Njooni mmalize kazi," nikasema.

"Mama, tulisikia umepona."

"Nimepona. Chimbeni mara tatu ya hapo kwenda chini, halafu mpanue huku na huku. Choo changu cha zamani ni kifupi, mvua ikinyesha kinafurika. Nataka cha kudumu."

Walitazamana. Mmoja akasema haijawahi kutokea. Nikamwambia hata springi haikuwa imewahi kutokea hapa mtaani. Wakawasha matairi. Wakaenda chini siku kumi na mbili, na mabati ya Masanja, maana Limi alikuwa amemtii mjomba akalifunika nilipolazwa kwa ya tatu, nikayafanya paa. Nikapiga sakafu ya zege, nikaweka marumaru nyeupe mpaka kifuani, mlango nikapaka bluu. Hakuna choo kizuri kama kile mpaka unafika Bujora. Cha zamani nikafukia.

Wa kwanza kuingia nilikuwa mimi. Nilikaa bila haraka. Yule ambaye hajawahi kukaa siku tisa bila choo hawezi kuelewa nikisema kwamba nililia kwa furaha, nikamaliza, nikanawa, nikarudi nje nikamwambia Limi sasa tuite watu kwa shukrani.

Masanja alikuja na wale wazee wawili na gunia la mchele mpya. Aliniamkia yeye kwanza, mkubwa akamwamkia mdogo, akanishika mikono yote miwili, na macho yake yalilowa. Naamini alifurahi kweli. Tukakaa uani. Alikula wali kwa maharage, akala nyama, akanywa soda mbili na togwa, maana shibe kwa Masanja haijafika mpaka ajinyooshe. Saa nane hivi akaanza kubadilisha kukaa. Akaniita kando.

"Kabula, choo kiko wapi?"

"Kile pale, kaka. Mlango wa bluu."

Akaangalia. Akahesabu kwa macho kutoka ukuta wa nyumba hadi pale, nikaona anapajua. Rangi ikamtoka.

"Si ndipo..."

"Ndipo."

"Na kile cha zamani?"

"Nimekifukia. Hata jirani amefunga, amesafiri."

Wazee walikuwa wamesikia; mmoja akajifanya anatafuta fimbo yake. Masanja alirudi kwenye kiti, akakaa upande, akakutanisha magoti. Hakuweza kuingia, na hakuweza kuondoka kabla ya sala ya shukrani, ambayo msemaji wa ukoo ndiye anayeifunga. Mchungaji alikuwa bado hajafika. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Nilijua lilikotoka na nilijua litakalofuata: kwanza baridi mgongoni, halafu tumbo linakaza upande wa kushoto, halafu unaacha kusikia watu wanasema nini. Nilikaa karibu naye nikamwangalia akivipitia vyote kimoja kimoja. Kila aliyenitembelea hospitali alinisihi nimsamehe, na huenda nitamsamehe, sijakataa.

"Kaka, mbona umeacha kula," nikamwambia. Nikachukua upawa, nikamwongezea maharage.